Mtoto Asisubiri Kuambiwa

Hotuba kwa walimu wakuu, walimu wa zamu na wenyeviti wa kamati za shule, katika siku ya mafunzo ya kuwaandaa wanafunzi kwa majanga ya asili. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakufika.

Ndugu mwenyekiti, walimu wakuu, wazazi, itifaki imezingatiwa. Chai imechelewa, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja.

Nawaletea shule mbili. Zote ziko Japani, pwani moja, na zilitikiswa na tetemeko moja, tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana. Tetemeko hilo lilileta tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari yanayoingia nchi kavu.

Ya kwanza ni Shule ya Msingi Okawa, mjini Ishinomaki, kando ya mto Kitakami, karibu kilomita 4 kutoka baharini. Ardhi ilipotulia, walimu walifanya kile ambacho mimi na wewe tungewapongeza. Waliwatoa watoto darasani, wakawapanga uwanjani, wakawahesabu. Halafu wakasubiri. Ramani ya hatari ilionyesha kwamba maji ya bahari hayafiki pale. Shule yenyewe ilikuwa imeteuliwa kuwa mahali pa kukimbilia. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima, na watoto walikifahamu, maana waliwahi kupelekwa huko kujifunza kilimo cha uyoga. Wapo waliosema, mwalimu, twende kilimani. Watu wazima wakajadiliana: miti itaanguka, njia inateleza, kuna wazee wa mtaa tuko nao hapa. Dakika kumi. Ishirini. Arobaini. Walipoondoka hatimaye, walielekea penye mwinuko mdogo karibu na daraja, upande wa mto. Kama dakika 50 baada ya tetemeko, maji yakawakuta njiani. Shule ilikuwa na wanafunzi 108. Waliokufa au kupotea ni 74. Walimu waliokuwapo shuleni siku hiyo walikuwa 11. Walikufa 10.

Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Japani ikaacha hukumu isimame: kosa lilianza kabla ya siku ya tetemeko, kwenye mwongozo wa dharura wa shule. Mnajua mwongozo ule ulisema watoto wakimbilie wapi? Eneo la wazi, bustani, mahali kama hapo. Haukutaja jina la mahali. Nani kati yenu mwongozo wake hauna maneno kama hayo?

Sasa shule ya pili, na kwa kweli ni mbili zilizopakana. Mjini Kamaishi, sekondari ya chini ya Kamaishi Mashariki na Shule ya Msingi Unosumai, pamoja karibu wanafunzi 600. Tetemeko lilikata umeme, vipaza sauti vikafa, tangazo halikutoka. Wanafunzi wa sekondari wakaanza kukimbia kuelekea juu. Wale wa msingi walikuwa wanapandishwa ghorofani. Wakachungulia, wakawaona kaka na dada zao wanakimbia, wakashuka wakakimbia nao. Walifika mahali palipopangwa. Wakaona mwamba wa nyuma unamomonyoka. Hapa hapafai. Wakapanda tena, wakubwa wamewashika wadogo mikono, na walipofika juu wakapanda zaidi. Maji yalifunika shule zote mbili, yakafika hata pale pa kwanza. Watoto waliokuwa shuleni walipona.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, Profesa Toshitaka Katada, mtaalamu wa kujikinga na majanga, alikuwa anakwenda Kamaishi kukaa na walimu na kuwafundisha watoto mambo matatu. Usiamini makadirio ya ramani. Fanya kadiri uwezavyo kwa hali iliyopo. Na uwe wa kwanza kukimbia, maana wengine wanasubiri kumwona mtu wa kwanza.

Ndugu walimu, hilo la tatu ndilo lililonileta hapa. Shule zetu zinamfundisha mtoto kuomba ruhusa. Kwenda chooni, ruhusa. Kunywa maji, ruhusa. Kuinuka kwenye dawati, ruhusa. Sisemi tuache nidhamu. Nasema kuna dakika moja au mbili katika maisha ya mtoto ambazo ruhusa itamuua, na dakika hizo lazima azijue kabla hazijafika. Tumeandika ukutani "Tahadhari kabla ya hatari" kwa rangi nzuri ya mafuta. Mtoto anaisoma kila siku akienda mstarini. Muulize: tahadhari ni kufanya nini? Atakuangalia.

Basi tuanze na hatari. Hatari za kwenu, achaneni kwanza na zile za kitabuni. Shule iliyo chini ya mlima Hanang haihitaji kuanza na tsunami. Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri ya Jumapili, sehemu ya mlima ule iliyoloa maji ilikatika, ikashuka Katesh na vijiji jirani ikiwa tope, mawe na magogo, na zaidi ya watu 80 wakafa. Shule ya Bukoba ina somo lake: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, lililobomoa majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato. Lilipiga saa 9:27 alasiri, siku ya Jumamosi, madarasa matupu. Fikirieni ingekuwa Jumatano saa nne asubuhi.

Kuhusu tetemeko nitapita haraka, maana kosa ni moja na linajulikana: kila mtu anakimbilia mlangoni. Majengo yetu mengi ni tofali bila zege la kutosha, na kinachoanguka kwanza mara nyingi ni ule ukuta wa pembetatu juu, chini ya paa, nao unaangukia nje, pale pale watoto wanapotokea. Aliye hatua mbili tatu kutoka mlangoni atoke na aende mbali na jengo, asisimame barazani. Wengine wote wajiingize chini ya dawati au katikati ya madawati, wafunike kichwa na shingo kwa mikono, washikilie dawati lisiwakimbie, hadi mtikisiko uishe. Kisha ndipo watoke wote, kabla ya mtikisiko wa pili.

Kwenye radi nitakaa zaidi, kwa sababu radi inaua wanafunzi wetu na tunaiita bahati mbaya. Juni 2011, Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda: wanafunzi 18 na mwalimu wao, darasani, radi moja. Januari 2025, Sekondari ya Businda, Bukombe mkoani Geita: wanafunzi 7. Je, radi moja inauaje watoto kumi na wanane? Haikumpiga kila mmoja kichwani. Ilipiga jengo au ardhi ya karibu. Bati likabeba umeme, umeme ukatafuta njia ya kushuka, na kwenye jengo lisilo na waya wa kuupeleka ardhini, njia iliyo rahisi ni mtu aliyeegemea ukuta au aliyeshika nondo ya dirisha. Au umeme ulisambaa ardhini, ukapanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ndiyo maana miguu iliyobanwa pamoja ni salama kuliko iliyotanuka, na ndiyo maana ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, hufa upesi hata radi ikipiga mti wa pembeni.

Sasa mfundisheni mtoto kuhesabu. Kwanza atazame mshale wa sekunde wa saa ya ukutani, aone sekunde ina urefu gani. Akiona mwako, aanze kuhesabu. Akisikia ngurumo, aache. Agawanye kwa 3, atapata kilomita. Sekunde 15, radi iko kilomita 5. Ikiwa sekunde ni 30 au pungufu, mchezo umekwisha, kila mtu ndani, na hakuna kutoka hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hapo ndipo tunapokosea zaidi: mvua ikikatika watoto wanaachiwa waende nyumbani, na mawingu bado yako juu ya shule.

Ndani, wakae katikati ya chumba, mbali na kuta na nondo, miguu pamoja, wasiegemeane. Nje wakikosa jengo, wauache mwembe. Waache nguzo ya bendera na goli la chuma. Watawanyike, wasishikane mikono. Gari lililofungwa, lenye bodi ya chuma, ni mahali pazuri. Na niseme wazi: kukaa katikati ya darasa lenye bati tupu kunapunguza hatari tu. Dawa ni kinga ya radi: fimbo juu ya paa, waya mnene unaoshuka angalau pande mbili, na vyuma vilivyozikwa ardhini. Kamati za shule, nawaomba jambo moja kila muhula. Zungukeni jengo, mfuate ule waya kwa macho kutoka juu hadi unapoingia udongoni. Shaba inauzwa kwa kilo, na wapo wanaoikata usiku. Fimbo iliyobaki juu bila waya hailindi kitu.

Na mtu akipigwa? Kuna wanaoogopa kumgusa, wakidhani bado ana umeme. Hana. Mguse. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na aliyefundishwa ampulizie pumzi. Wengi wanaokufa kwa radi moyo umesimama tu, na wa kuurudisha ni yule aliye karibu. Imani za kuogopa nguo nyekundu na kufunika vioo wakati wa radi naziacha. Mtoto afunike kioo akitaka, ila asisimame chini ya mti.

Tuje kwenye maji. Nani ana rula hapa? Rula ya mwanafunzi, ya sentimita 30. Isimamishe mezani. Maji ya kasi yenye kina cha nusu ya rula hiyo yanaweza kumwangusha mtu mzima. Rula nzima, gari dogo linaanza kuelea. Rula mbili, magari mengi yanachukuliwa. Aprili 2024, jijini Arusha, gari lililokuwa linapeleka watoto shule lilisombwa na maji ya korongo asubuhi, na watoto wakafa. Kwa hiyo mkataba wowote wa gari la shule uwe na sentensi hii: dereva hapiti kwenye maji yanayotembea, hata akichelewa, hata mzazi akipiga simu. Na mtoto ndani ya gari awe na haki ya kupaza sauti, "Dereva, usipite!" Tunarudi pale pale. Ruhusa.

Mtoto wa bondeni ajue pia kwamba mto hujaa jua likiwaka. Mvua imenyesha milimani, huku chini mbingu ni buluu. Dalili anazoweza kuziona mwenyewe: maji yanageuka rangi ghafla, yanaleta vijiti na majani mabichi, mto unaanza kunguruma. Mlimani ni mpasuko mpya kwenye udongo, miti iliyoinama upande mmoja, chemchemi iliyokuwa safi kutoa tope, au mto kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hilo la mwisho linawadanganya watu. Wanaona nafuu, kumbe huko juu kitu kimeziba, na kitaachia.

Haya yote yanafundishika kwa chupa moja. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, iliyonyooka ubavuni. Kata theluthi ya juu, uigeuze iingie kama faneli. Weka kokoto chini, kwa sababu kitako cha chupa kina mabonde na rula itakudanganya. Mimina maji hadi yafunike kokoto, piga alama, hapo ndipo sifuri. Bandika rula kuanzia alama hiyo. Ifukie kidogo uwanjani isianguke kwa upepo, mbali na paa na miti. Darasa la tano wasome kila siku saa tatu asubuhi, waandike, wamwage maji, wayarudishe kwenye sifuri. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Darasa lenye paa la mita 7 kwa 9, mvua ya milimita 50: piga hesabu. Ni lita 3,150, kutoka paa moja, na milimita 50 kwa saa 24 ndicho kiwango ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hukihesabu kuwa mvua kubwa. Mtoto aliyepiga hesabu hiyo mwenyewe akisikia redioni angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, anajua maneno hayo yana uzito gani.

Sasa zoezi. Hapa ndipo shule nyingi hudhani zimemaliza kazi.

Kosa la kwanza ni kengele. Ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini inagongwa kwa kipindi, kwa chakula, kwa mstari, na tunataka igongwe kwa dharura. Mtoto atajuaje? Na kuna jambo baya zaidi: moto, na tetemeko likishatulia, vinataka watoto watoke, radi inawataka waingie. Ukiwa na ishara moja, kuna siku itawapeleka kwenye hatari. Wekeni mbili zisizofanana. Rimu igongwe mfululizo kwa dakika nzima: toka. Filimbi ndefu, tena na tena: ingia, baki ndani. Na filimbi iwe shingoni mwa mwalimu wa zamu, isifungiwe ofisini.

Kosa la pili ni mlango. Watoto 90, mlango mmoja, mtoto mmoja kila sekunde: dakika moja na nusu, kama hakuna aliyejikwaa. Mlango ukifunguka kwa ndani, wa kwanza akisukumwa na wa nyuma hawezi kuuvuta, na hapo watu hukanyagana. Ugeuzeni ufunguke nje, au wakati wa vipindi uwe wazi, umeshikizwa ukutani kwa ndoano. Anzeni na safu iliyo karibu na mlango. Begi linabaki. Kiatu kilichovuka kinabaki. Kwenye mabweni, usiku, ufunguo uko kwa nani? Kama jibu ni "kwa matroni, na matroni analala nyumba ya pili", kikao hiki kimeshapata kazi ya leo jioni.

Kosa la tatu ni idadi. Kila asubuhi tunaandika ubaoni: wavulana 41, wasichana 47, jumla 88. Vizuri sana. Ila ubao uko ndani! Mmetoka nje, mnauliza mlikuwa wangapi, na jibu liko kwenye jengo mlilolikimbia. Kiranja aandike idadi hiyo kwenye kikaratasi na kukaa nacho mfukoni hadi saa ya kwenda nyumbani. Na kila mtoto asiyeona vizuri, asiyesikia au anayetembea kwa shida awe na wenzake wawili waliotajwa kwa majina, pamoja na wa akiba, kwa sababu siku ya janga mmoja wao atakuwa anaumwa.

Zoezi la kwanza litangazeni, watoto wasiogope. La pili, zibeni njia: wekeni benchi katikati ya kijia kilichozoeleka, muone kama watasimama au watazunguka. La tatu, msigonge kengele kabisa. Mwite mwanafunzi mmoja wa darasa la tano pembeni, umwambie, umesikia mngurumo mlimani, mwalimu hayupo. Halafu kaa pembeni utazame. Atakwenda kukutafuta ofisini? Au atapaza sauti na kukimbia, wengine wamfuate? Mkifika hapo, mmefika Kamaishi.

Na siku atakapokimbia bure, ikawa ni lori tu limepita, asichapwe. Asichekwe mstarini. Ukimchapa mtoto huyo mara moja tu, umewafundisha watoto 800 kusubiri.

Wazazi, sijawasahau. Tarehe 22 Mei 2021, usiku, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka juu ya mji wa Goma, Kongo. Watu walikimbilia Rwanda na wengine upande wa mji wa Sake, na UNICEF ilihesabu zaidi ya watoto 150 waliotengana na familia zao. Mtoto mdogo aliyepotea akiulizwa, mama yako anaitwa nani, anajibu "Mama". Nendeni nyumbani leo mjaribu. Namba ya simu ifundishwe kama wimbo, kwa sauti ya kuimba, kwa sababu wimbo haupotei kwenye hofu. (Goma wana neno ambalo kila mtoto wa huko analijua: mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotuama kwenye mabonde ya lava na kuua mbuzi, na mtoto kabla ya mtu mzima, kwa kuwa pua yake iko karibu na ardhi. Neno moja tu, na mtoto anajua asichezee shimoni.)

Pwani ile ya Japani wana neno lao pia, tendenko, yaani kila mtu akimbie kivyake. Linasikika la kikatili. Lakini linashika tu pale familia imekubaliana mapema: mama hatarudi kunifuata shuleni, kwa sababu anajua niko kilimani, mimi sitarudi nyumbani kumtafuta mama, kwa sababu najua naye amekimbia. Mzazi anayeendesha bodaboda kuelekea kwenye maji ili amchukue mtoto ambaye tayari yuko juu atakufa bila sababu. Kaeni mezani, mkubaliane mahali, kwa jina: kwa mzee fulani, kanisa fulani, msikiti fulani. Shule nayo iwe na orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto. Asiye kwenye orodha hapewi mtoto, hata akilia.

Kila mwalimu mkuu amewekewa karatasi moja tupu juu ya kiti. Kabla ya chai, andikeni mahali pawili ambapo watoto wenu watakimbilia, pa kwanza na pa pili, kwa majina ambayo mtoto wa darasa la kwanza anayajua, na idadi ya hatua kutoka mlango wa darasa la mbali zaidi. Kama hamjawahi kuzihesabu hatua hizo, acheni nafasi wazi, mkahesabu kesho asubuhi. Na ambaye mwongozo wake umeandikwa "eneo la wazi", aanze na kulifuta.